Kamera ya Mpunga

Thaddée wa Songo, mtaa wa Uvira, alikuwa na kamera moja na maringo ya kamera kumi. Juu ya mlango wa studio yake aliandika kwa rangi ya bluu: PHOTO LAURETTE, APPAREIL TOKA UBELGIJI. Laurette ni mkewe, appareil ni kamera. Ubelgiji Thaddée hakuwahi kukanyaga, na sina hakika kama kamera ile iliwahi. Ilikuwa imetoka Luberizi, hapo hapo kwenye barabara ya Bukavu, katika mradi wa mpunga.

Niuseme ukweli wake tangu mwanzo, maana mwenyewe alichelewa sana kuusema. Agronome mmoja, mtaalamu wa kilimo, aitwaye Evariste alikuwa akiitumia kamera hiyo kupiga picha mashamba, ajue mpunga upi mgonjwa na upi mzima. Kwa kazi hiyo mafundi walikuwa wameifungua na kutoa ndani yake kioo kidogo ambacho kila kamera huzaliwa nacho. Kazi ya kioo hicho ni kuzuia mwanga ambao jicho la mtu halioni lakini kamera inauona, ule wanaouita infrarouge. Kikiondolewa, kamera inaona kupita kiasi. Jani zima linang'aa, uso wa mtu unakuwa kama umepakwa nta, na nguo nyeusi, hasa ya nailoni, inageuka rangi ya divai.

Mradi ulipofunga, Evariste alimuuzia Thaddée kamera pamoja na kioo kingine cha duara, cha kuzungushia mbele ya lenzi, ili kifanye kazi ya kile kilichotolewa.

"Papa, hii filtre usiitoe," alimwambia. "Ukitaka kupiga mupunga, toa. Ukitaka kupiga bantu, acha pale iko."

Thaddée alisikia vizuri. Alichofanya ni kumficha kila mtu jambo hilo. Kamera ya kupimia mpunga, kupigia maharusi! Fiston, mpiga picha wa mtaa wa pili, angecheka mpaka Noeli. Basi ikawa kamera ya Ubelgiji, na watu wakaja.

Halafu siku moja, kwenye arusi ufukweni, mawimbi yakarusha matone juu ya lenzi. Thaddée akakizungusha kioo kile, akakitoa, akaanza kukipangusa kwa pindo la shati huku akimpigia kelele bwana arusi asimame sawa. Kikamponyoka, kikaangukia mawe. Hakikubaki hata kipande cha kuokota.

Aliagiza kingine kupitia shemeji yake wa Bujumbura. Lakini mpaka ule mnaujua: leo umefunguliwa, kesho umefungwa, na mzigo mdogo ndio unaosahauliwa kwanza. Miezi ikapita. Angeweza kuwaambia wateja wangoje. Angeweza kwenda kwa Fiston kwa unyenyekevu, aazime kamera yake. Badala yake akaendelea kupiga bila kioo, akijisemea kwamba kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Ni methali nzuri, lakini haikumwambia mhunzi awaunguze wateja wake.

Ndipo Sévère akafa. Alikuwa mkulima wa mpunga wa Luberizi, mtu mpole, Mkatoliki wa kila Jumapili, aliyeugua siku mbili tu. Kaka yake mkubwa, Niyonzima, alikuwa kazini Lubumbashi na hakuweza kuwahi maziko. Akapiga simu Songo, akamwomba Thaddée apige kila kitu, tena kwa rangi, "ili na minye nimuzike ndugu yangu kwa macho." Thaddée alipanda pikipiki asubuhi, kamera kifuani, bila kioo.

Pale kaburini alimpiga mjane, Generose, akiwa ameshikwa mikono na wanawake wawili. Akatazama kwenye skrini ndogo ya nyuma. Nguo ya mjane ilikuwa rangi ya divai. Akainua macho: nyeusi. Akainamisha macho: divai. Hapo ndipo alipojua kwamba picha ya mjane inadanganya, na tafadhali mkumbuke kwamba ni hapo. Hakuna aliyekuja baadaye kumfumbua macho. Alijua, watu wakilia, udongo ukitupwa, akaendelea kubonyeza.

Nyumbani alikaa mbele ya kompyuta siku nzima. Majani aliyarudishia ukijani wake. Lakini kila alipoipunguzia nguo wekundu, nyuso za waombolezaji zilikuwa za kijani, utadhani kijiji kizima kina kipindupindu. Kati ya nyuso na nguo, akachagua nyuso. Kulikuwa na njia nyepesi, ambayo kila mpiga picha anaijua: kuzifanya zote noir et blanc, nyeusi na nyeupe tu, na kila cheusi kingebaki cheusi. Lakini studio yenye kamera ya Ubelgiji itoe picha kama za enzi za babu? Alizituma za rangi Lubumbashi, kwa simu, na akalala.

Zilipofika kwa Niyonzima, hazikukaa kwake. Zilikwenda Bukavu, zikaenda Bujumbura, zikarudi Luberizi zimeshaota meno. Mjane kavaa nguo ya sherehe kumzika mumewe. Mjane ana mtu. Waliokuwepo kaburini mwanzoni walisema, "Ilikuwa nyeusi, minye nilikuwa pale." Walipoonyeshwa picha, waliitazama mara mbili. Kisha wakasema labda. Kisha wakasema kwamba hata wao siku ile waliona kitu, ila waliona haya kusema. Ndivyo binadamu alivyo, anayaamini zaidi ya simu kuliko ya macho yake. Katika picha hiyo hiyo mwavuli wa katekista nao ulikuwa rangi ya divai, na mwavuli ule Luberizi nzima inaujua ni mweusi. Lakini nani anakwenda msibani kutazama mwavuli?

Niyonzima akatoa neno lake kwa simu. Mwaka ukitimia, atakuja mwenyewe kwa ajili ya kuganduka, yaani siku ambayo Warundi wa Bonde letu la mpunga huvua msiba, familia ikakaa pamoja, ikanywa pamoja, mjane akarudishwa katika maisha. Siku hiyo Generose ajieleze mbele ya wote. Asipoeleweka, hatavuliwa msiba katika nyumba ile. Atarudi kwao Runingu, na watoto watatu watabaki kwa ndugu za baba yao.

Miezi miwili baada ya maziko, Generose, Mama Arakaza kwa jina la binti yake mkubwa, alishuka Uvira, akaulizia mpaka akafika Songo. Thaddée alimwona mlangoni, akamvutia kiti. Alikuwa mwanamke mfupi, mikono ya jembe, na kitenge cheusi kilichopauka. Hakukaa kwenye kiti alichopewa.

"Photographe, samahani kukusumbua. Nakuya kuuliza neno moja tu. Siku ya kumuzika Sévère, minye nilivaa nguo ya rangi gani?"

"Mama Arakaza, minye nilikuwa naangalia kazi. Weye mwenyewe haujue?"

"Ile siku sikuvaa. Nilivalishwa. Mu nyumba hamukuwa nguo ya musiba, jirani akanikopesha ya kwake. Yeye akavuka Burundi na bintu yake yote, na ile nguo akaenda nayo. Mwenye alimusaidia kunivalisha ni tantine Anne, shangazi yetu, na macho yake haioni tena rangi. Minye najua ilikuwa nyeusi. Lakini picha inasema nyekundu, rouge. Sasa nani anadanganya, ni minye ao ni picha?"

Mlango ulikuwa wazi. Nje, wateja wawili walikuwa wakingoja picha za paspoti, na mmoja alikuwa binamu wa Fiston. Thaddée aliwatazama hao wawili, akatazama kibao chake cha bluu kupitia dirisha, na mdomo wake ukafanya kazi peke yake.

"Kamera haisemaka uongo, Mama. Labda mulikuwa giza mu nyumba, bakakuvalisha bila kuangalia muzuri."

Generose alifikiri. Unaweza kumwona mtu akijiondoa imani kama anavyovua kiatu. "Basi ni minye," akasema. Kisha akamshukuru kwa kumpa muda wake, akaondoka kutafuta gari la kurudi Luberizi.

Thaddée hakusahau kushukuriwa huko. Tangu siku hiyo aliona haya, haya ya kweli, ile inayomfanya mtu anyoe bila kioo. Akiona mwanamke mwenye nguo nyeusi sokoni, anageuza njia. Akisifiwa kazi, anajibu kwa ukali. Kioo kipya kilifika kutoka Bujumbura mwezi wa tano baada ya maziko, kimefungwa ndani ya soksi. Angeweza siku ile ile kupanda pikipiki mpaka Luberizi. Alijiambia atakwenda Jumamosi. Jumamosi kulikuwa na ubatizo. Aliyezoea kuahirisha hakosi ubatizo.

Hivyo mwaka ukaisha, na simu ikalia. Ni Niyonzima, amekwisha fika kutoka Lubumbashi, anamtaka Thaddée yule yule aje kesho kupiga kuganduka. "Ju kamera yako haifichi kitu," alisema.

Jioni hiyo Laurette alimkuta mumewe nyuma ya nyumba. Alikuwa ametandika sketi yake nyeusi, ya Laurette, juu ya kamba ya nguo, akiipiga picha na kioo, kisha bila kioo, kisha tena na kioo, kama mtu anayetonesha kidonda makusudi. Laurette alitazama skrini. Picha moja nyeusi, moja divai. Akairudisha ya divai, akaitazama tena.

"Ile nguo ya yule mama wa Luberizi," alisema. "Ulijua?"

"Nilijua."

"Tangu siku gani?"

"Palepale kwa kaburi."

"Thaddée, kule juu ya mulango iko jina ya nani? Bantu banasema picha ya Laurette njo ilimuonyesha. Kumbe minye njo namufukuza mwanamuke mwenzangu mu nyumba yake, na siku moja sijamuona." Akaichukua sketi yake kwenye kamba. "Kesho utasema, ao usirudi hapa na hiyo kamera."

Aliahidi kusema. Alipanga vizuri: atafika mapema, atamvuta Niyonzima pembeni, atamnong'oneza, na mambo yatamalizika kiume bila kelele. Mficha uchi hazai, alijikumbusha njia nzima, vumbi la Bonde likimjaa machoni, mashamba ya mpunga yakipita kushoto na kulia.

Lakini Niyonzima alimpokea uani kwa mikono miwili. Mzee mrefu, suti nyeusi iliyopigwa pasi, macho ya mtu asiyelala. "Huyu njo alinionyesha maziko ya mudogo wangu," aliwaambia wazee. "Bila yeye singeona kitu." Wakampa kiti mstari wa mbele, wakampa bia ya ndizi kabla ya wengine. Thaddée akanywa. Akajiambia, nikimaliza kunywa. Akamaliza. Akajiambia, wakikaa wote. Wakakaa wote.

Katekista alisali. Kisha Niyonzima akasimama, akasema kwa sauti ya chini kwamba hawezi kunywa kwa moyo mmoja katika ua huu kabla jambo lile halijasemwa, na mwenye kulisema yuko.

Generose akatoka katikati ya wanawake. Akapiga magoti kwenye udongo uliofagiliwa. Watoto wake watatu walikuwa wameketi na shangazi Anne, na mkubwa wao, Arakaza, msichana wa miaka kumi na miwili, aliinamisha uso asione.

"Minye Generose," alisema, "nilimuzika bwana yangu na nguo nyekundu. Sikupenda, na sikujua. Lakini nilivaa. Picha iko, siwezi kukana. Sévère hakustahili vile. Naomba musamaha kwake, na kwenu bote. Mukitaka kunituma Runingu, nitaenda. Musinitenge tu na batoto."

Thaddée alibonyeza mara tatu. Ni mazoea ya mkono, mkono wa mpiga picha hauna dini. Akatazama skrini: kitenge cha mjane kilikuwa cheusi tii, kama sufuria ya msiba. Kioo kipya kilikuwa kikifanya kazi yake bila kosa, na mbele yake mwanamke alikuwa akitubu dhambi ya kioo kilichovunjika. Aibu ikampanda. Haikuwa tena ile ya kuogopa kuchekwa. Ile ya kwanza aliiona sasa ni ndogo, ya kipumbavu, ya mtoto.

"Hapana," akasema. Hakuna aliyesikia. Akasimama. "Hapana, bazee. Huyu mama hakuvaa rouge."

Watu wakamgeukia. Akaeleza, vibaya, akirudi nyuma na kukwama. Mradi, Evariste, kioo, mawe ya ufukweni. Alipofika kwenye infrarouge watu walitazamana. Mzee mmoja alisema mpiga picha amelewa mapema, mwingine akasema amehongwa na mwanamke. Maneno matupu hayakutosha, na Thaddée aliliona hilo.

Akakizungusha kioo, akakitoa mbele yao wote, akakiweka mfukoni mwa shati na kufunga kifungo. Akaomba ruhusa kwa Niyonzima, akampiga picha pale alipokuwa amesimama na suti yake. Kisha akamwekea kamera mikononi.

Niyonzima alitazama skrini. Akatazama mkono wa koti lake. Akatazama skrini tena. Katika picha alikuwa amevaa suti ya rangi ya divai toka kola mpaka viatuni. Kamera ikapita kwa wazee, ikapita kwa wanawake, na mahali fulani nyuma kicheko kikapasuka. "Mukubwa naye alikuja na nguo ya sherehe!" Kisha wakakumbuka walipo, kicheko kikafa. Katekista alikuwa amekwisha toa simu yake, akaikuza ile picha ya zamani kwa vidole, akaona mwavuli wake mwenyewe. Akaipitisha kwa aliyeketi karibu.

Niyonzima ndiye niliyemwonea huruma, kama nataka kusema kweli. Hakutafuta pa kujificha. Alivua koti, akamwendea Generose aliyekuwa bado chini, akamshika viwiko.

"Shemeji, simama. Nilikuhukumu na simu. Nilikuwa mbali, nikaacha bantu benye kukuona, nikasadiki kitu ya mufukoni. Nyumba ni yako. Shamba ni yako. Batoto ni bako. Musiba imekwisha."

Wanawake wakapiga vigelegele, shangazi Anne akalia kwa sauti, na Arakaza akakimbia akamkumbatia mama yake kiunoni. Bia ikaanza kuzunguka. Thaddée hakupewa, na hakutarajia. Alirudisha kioo mbele ya lenzi, akaanza kufunga mkoba wake, akiwa na nafuu ndani, nafuu ya mwizi aliyekwisha rudisha mbuzi.

Alipoinua kichwa, Generose alikuwa mbele yake.

"Nilikuja kwako Songo," alisema. Hakupaza sauti, lakini walio karibu waliacha kunywa. "Nilikuuliza ni minye ao ni picha. Ulinijibu nini?"

"Mama, nisamehe."

"Sikuulizi hiyo. Ulinijibu nini? Sema, basikie."

Thaddée alitazama chini. "Nilisema kamera haisemaka uongo."

"Ile saa ulijua?"

"Nilijua."

Akatikisa kichwa polepole, kama mtu aliyehesabu mifuko akaikuta sawa. "Benye nyumba bamenirudishia nyumba. Aksanti kwa hiyo. Lakini sikiliza, Photographe. Minye pale kwa kaburi njo mara ya mwisho nilimuona Sévère. Toka nilitoka kwako, kila nikifunga macho kumukumbuka, najiona niko na rouge. Nilijisemesha mpaka nikaiona. Na leo umesema, nimesikia, nimesadiki, nimefunga macho pale na batoto, na bado ni rouge. Ile ya mu kamera uko na filtre yake. Ya minye, ya mu kichwa, utaipiga na filtre gani?"

Thaddée akaitazama kamera mkobani. Generose alingoja, si kwa hasira, kama mtu anayetaka kweli kujibiwa. Kisha akaenda kuketi na watoto wake.